Kioo cha Roshani

Mwaka uliofuata mafuriko ya El Niño, kila mwenye uwezo pale Garsen alitaka nyumba ya ghorofa. Tulikuwa tumeona maji yakiingia madukani na kubeba vitanda, watu wakikaa juu ya mapaa ya mabati wakingojea mashua. Kwa hiyo haji mmoja, Muorma mfanyabiashara wa ng'ombe, aliponiita nimfanyie kazi ya vioo katika nyumba yake mpya karibu na njia panda ya Minjila, sikushangaa kuikuta ina orofa. Kilichonishangaza ni kwamba alitaka ukingo wa roshani uwe wa kioo, kuanzia sakafuni hadi kifuani.

"Mama yangu hawezi tena kusimama muda mrefu," aliniambia. "Anakaa mkekani kutwa. Nikijenga ukuta, ataona ukuta. Nikiweka vyuma, atajiona yuko jela. Nataka akae hapo chini na awaone ng'ombe wakirudi."

Mimi ni mtu wa kijiji cha Wema, wa ukoo wa wakulima wa mtoni, na kazi ya vioo nilijifunza Mombasa kwa fundi mmoja aliyekuwa mkali mno. Alinifundisha kwamba kioo cha dirisha kazi yake ni kuzuia upepo na vumbi tu. Kioo cha kumzuia mtu asianguke ni kingine: kikishakatwa hurudishwa kwenye tanuri kali, hutoka na nguvu mpya, na hata kikivunjika humwagika punje punje badala ya kutoa vipande virefu vinavyochoma. Na hicho nacho fundi hakukubali kiachwe peke yake. Juu yake lazima lipite bomba la chuma, ili kioo kikiondoka, mtu abaki na kitu cha kumshika.

Hayo yote niliyajua. Lakini haji alikuwa ameshanunua vioo vyake, vimeegemezwa ukutani, vimefunikwa magunia. Vilikuwa vya dirisha. Kuagiza vingine Mombasa kulitaka wiki nyingi, kwa kuwa barabara ilikuwa imeliwa na maji na malori yalikuwa yakisafiri kwa msafara wenye askari, kwa hofu ya majambazi. Naye alitaka mama yake ahamie kabla ya Ramadhani.

"Vinafaa, fundi?" aliniuliza.

"Vinafaa, Haji."

Nilisema hivyo kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa ya kwanza tangu nirudi nyumbani, na niliogopa ataita fundi mwingine. Sina sababu nyingine ya kutoa. Nikakata, nikavibana kati ya nguzo za chuma kwa mpira na bolti, nikavipangusa mpaka vikang'aa. Wapita njia walisimama kutazama juu. Nilijisikia mkubwa.

Mama yake aliletwa siku ya nne, alasiri, mimi nikiwa nakusanya vifaa vyangu. Wajukuu wawili wa kike walimshika mikono wakimpandisha ngazi. Alikuwa mwembamba, mrefu, na uso wake haukuwa na haraka. Alipofika roshani alinyoosha mkono mbele, akagusa kioo kwa ncha za vidole, akacheka.

"Mimi naona ng'ombe, hii kitu mimi haioni," alisema kwa Kiswahili chake.

Akaketi. Kisha, badala ya kutazama nje, akageuka azungumze na wajukuu zake, akaupeleka mgongo nyuma taratibu, auegemeze kwenye kioo. Niliona kioo kikipinda kidogo sana. Mtu asiyekuwa fundi asingeona. Huko chini, nje ya kioo, kulikuwa na sakafu ya saruji.

Nilidondosha nyundo. "Mama, tafadhali, njoo mbele. Usiegemee hapo."

Hakunielewa. Nikapiga magoti, nikamshika mikono yote miwili na kumvuta kwangu, mbele ya wajukuu zake, jambo ambalo mwanamume mgeni hafanyi. Wasichana wakapiga kelele. Haji akapanda ngazi mbio.

"Kuna nini hapa?"

"Haji, kioo hiki hakiwezi kumzuia mtu. Ni cha dirisha."

Alinitazama, akamtazama mama yake. "Umejua lini?"

Ningeweza kusema nimegundua sasa hivi. Ulimi wangu ulikuwa tayari kabisa kusema hivyo.

"Tangu siku ya kwanza."

Nilingoja matusi. Akasema tu, "Nionyeshe."

Tulimhamishia mama chumbani, tukawaondoa watu waliokuwa chini. Nilijaza gunia mchanga, nikalifunga kamba kwenye boriti ya paa, nikalivuta nyuma hatua mbili na kuliachilia. Halikwenda kwa kasi, lilikwenda kama mtu aliyejikwaa. Kioo kilipasuka kwa mlio mmoja, na gunia likatokea nje likining'inia hewani. Tuliposhuka tulikuta kipande kirefu kama mkono wangu kimesimama wima kwenye rundo la mchanga wa ujenzi. Haji alikitazama muda mrefu. Tuliporudi juu, mama yake, aliyekuwa ameona yote kupitia mlangoni, alimwambia jambo kwa Kiorma. Haji hakunitafsiria, nami sikuthubutu kumwomba.

Siku hiyo hiyo tuling'oa vioo vyote, tukapigilia mbao. Nilipima kila nafasi mara tatu, kwa maana kioo cha tanuri hakikatwi tena, nikaenda Mombasa mwenyewe. Nilirudi nyuma ya lori, vioo vikiwa vimesimamishwa katikati ya magodoro, nikivishikilia kila tulipoingia shimo. Ramadhani ilikuwa imeshapita. Mama alikuwa ameifunga yote nyuma ya mbao, akitazama mbao.

Nilipomaliza, pamoja na bomba juu, haji alilileta gunia yeye mwenyewe. Aliliachilia mara tatu. Kioo kilitetemeka, kikatulia. Ndipo akaenda kumleta mama yake. Safari hii mama aligeuza mkeka, akakaa akitazama nje, na mgongo wake hakuuegemeza popote. Sikujua kama ni kwa ajili ya ng'ombe au kwa ajili yangu.

Haji hakuniita tena kwa kazi nyingine, na tulipokutana sokoni tulisalimiana vizuri tu. Lakini mwaka ule ule alikuja mwenye duka mmoja akaniambia, "Haji ameniambia nikuulize wewe kwanza, na nisiondoke mpaka uniambie ubaya wa vitu vyangu vyote." Nilikaa naye hadi adhuhuri, tukipitia vioo vyake kimoja kimoja. Viwili nilivikataa.