Koma ya Rhonda

Karani wa data katika kituo chetu cha damu hupangusa kioo cha kompyuta kwa kiganja kabla ya kuingiza faili yoyote kwenye mfumo, kisha husoma safu moja moja kwa sauti ya chini: jina, makazi, simu, kundi la damu. Siku hiyo hospitali ilihitaji O hasi kwa mama aliyejifungua, na wachangiaji wapya walikuwa bado hawajaingizwa. "Madam, bonyeza tu iingie," nikamhimiza. "Ngoja kwanza, boss. Hii haijakaa sawa." Mchangiaji mmoja alikuwa ameandikiwa makazi "Rhonda, karibu na kanisa". Mfumo ulidhani ile koma ni mpaka wa safu, ukasukuma namba yake ya simu mahali pa kundi la damu. Tungemtafuta tusimwone.

Akayafunga makazi yale kwa alama za nukuu ili mfumo uyasome kama safu moja, akapakia faili upya, akafuata kila mstari kwa kidole. Alipotafuta O hasi, jina likatokea moja tu: Chesang, wa Rhonda. Akampigia mwenyewe.

"Niko kwa duka," Chesang akajibu. "Nafunga, nakuja."

Karani akaweka simu chini, akaenda kutandika kitanda cha kutolea damu.