Jicho Kavu Kwenye Darubini ya Mipaka

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwona mkubwa wangu akiwa kichwa chini, miguu juu. Ilikuwa Kajiado mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nje ya ofisi ya chumba kimoja ya kampuni ndogo ya upimaji ardhi. Theodolaiti za zamani, zile darubini za miguu mitatu za kupimia pembe, zilikuwa zinapindua picha. Mkubwa huyo, Mpima Mkuu, alikuwa amesimama mbali ameshika fimbo ya mistari myekundu na myeupe, nami nikacheka hadi nikaigonga mashine.

"Mutheu!" akanipigia kelele. "Hiyo mashine hatuna ingine. Anza tena, na ucheke ukiwa mbali nayo."

Nilikuwa msichana wa Machakos, na nilikuwa na jicho. Nasema hivyo bila aibu. Msomaji wa theodolaiti hufumba jicho moja, akabandika la pili kwenye kioo, akasoma nyuzi za pembe kwenye vistari vyembamba mno. Kisha huigeuza mashine na kusoma tena kwa uso wa pili, ili kosa la kwanza likamatwe. Wanaume wa timu walishika cheni ya kupimia urefu na nyundo. Mimi nilishika mashine, na nilijua wako watatu walioimezea mate nafasi hiyo.

Tulianza na vishamba vya Ngong, kisha tukapelekwa Kitengela, ambako ardhi kubwa ya Wamaasai ilikuwa ikigawanyiwa familia. Huko nilikuta desturi ambayo chuoni hawakunifundisha. Bikoni, yaani chuma kinachojengewa saruji kuonyesha kona ya shamba, haikusimamishwa kabla wazee wa pande zote hawajachungulia wenyewe kwenye darubini. Walipanga foleni. Wa kwanza daima alikuwa Mzee Lemayian, ambaye shamba lake lilipakana na la kaka yake.

"Takwenya," alinisalimu.

"Iko," nikajibu. Kimaasai changu kilikuwa kinaishia hapo.

Akainama, akachungulia, akaruka nyuma. "Mama! Ng'ombe za kaka yangu zinatembea na mgongo!"

Basi kila mzee akataka kuziona hizo ng'ombe, na wengine wakarudi mara ya pili. Kioo kimoja, macho ya ukoo mzima, na mimi wa mwisho kuhakikisha.

Wiki haikuisha kabla ya nusu ya wazee na timu yetu yote kuwa na macho mekundu yaliyojaa tongotongo. Mwenye duka la dawa pale Kitengela aliniuzia chupa ya matone, akaniambia niweke kwa wiki moja tu. Nikapona. Tulipokwenda shamba jingine, foleni ikawa ile ile, macho mekundu tena, chupa nyingine. Mara ya tatu sikungoja kuugua. Nikawa naweka matone ya dawa kila asubuhi na kila mchana kama kinga, miezi na miezi, bila kumwuliza mtu. Ujinga huo ni wangu, na sitalisingizia vumbi la machimbo ya mawe ya pale Kitengela.

Polepole jicho likaanza kukwaruza kana kwamba kuna mchanga chini ya kope. Upepo ukivuma, liliwaka moto. Vitunguu vikaacha kuniliza, nami nikajisifu jikoni kwamba nimekomaa. Kazini nilificha. Nilijua Mpima Mkuu akisikia tu, mashine itapewa mwingine nami nitapewa cheni. Niliogopa hilo kuliko upofu wenyewe.

Siku tulipopima mpaka wa Mzee Lemayian na kaka yake, upepo ulikuwa mkali. Nilisoma uso wa kwanza, jicho likaungua, na uso wa pili nikauruka. Wazee wakachungulia, wakakubali, bikoni ikajengwa. Nilipofika ofisini nikajumlisha, kisha nikajumlisha tena. Pembe nne za shamba lazima zifike nyuzi mia tatu sitini. Zangu zilipungua tano. Nilikuwa nimesoma themanini na tatu mahali pa themanini na nane, na kwa kosa hilo silanga ya Mzee Lemayian, bwawa alilonyweshea mifugo yake, ilikuwa imevuka mpaka kwenda kwa kaka yake.

Ningeweza kuzigawa hizo nyuzi tano kwenye pembe zote nne, hesabu ikafunga, na hakuna ambaye angejua. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Lakini wale wazee hawakuwa wameamini kioo chenye ng'ombe wa kichwa chini. Walikuwa wameniamini mimi. Nikaenda kwa Mpima Mkuu na daftari langu.

"Ulisoma uso wa pili?"

"Hapana, Mzee. Jicho linaniwaka. Imekuwa miezi."

Akalifunga daftari taratibu. "Mashine ikipata shida unaniambia siku hiyo hiyo. Sasa jicho si sehemu ya mashine? Enda kwa daktari. Ukirudi, utaeleza wazee wewe mwenyewe."

Daktari wa macho pale Kajiado alining'iniza kipande cha karatasi cha kupimia machozi kwenye kope ya chini, akaniacha dakika tano. Kilitoka karibu kikavu.

"Ugonjwa uliisha kitambo," akasema. "Hii dawa uliipenda tu. Iko na kemikali ya kuifanya isiharibike, na hiyo ndiyo imekukausha macho."

Akanikataza yale matone na kunipa mengine yasiyo na dawa, machozi ya chupa. Akaniagiza kitambaa cha maji ya moto juu ya kope asubuhi na jioni, miwani ya upepo, na kupepesa macho kabla ya kila kusoma.

Mzee Lemayian alinisikiliza hadi mwisho. "Kumbe ulikuwa unatupimia na jicho gonjwa?"

"Ndiyo, Mzee. Nisamehe."

"Pumzisha hilo jicho kwanza. Sisi tuko. Hiyo silanga haitembei."

Wakakaa chini wote wakanisubiri, hata kaka yake aliyenuna. Nikapepesa, nikasoma uso wa kwanza, nikasoma wa pili. Themanini na nane. Bikoni ikang'olewa, ikajengwa mahali pake, na silanga ikarudi kwa Mzee Lemayian. Tangu siku hiyo nilitembea na pamba na spiriti, na kila mzee alichungulia baada ya kioo kupanguswa.

Jicho halikupona kabisa, tulizoeana tu. Nilibaki kwenye mashine hadi nilipoacha kazi mwishoni mwa miaka ya elfu mbili. Machozi yangu yalibaki haba. Hata kwenye arusi ya binti yangu nililia ya chupa.

Nilikuwa nimeshaacha kazi Mzee Lemayian aliponiita. Pembeni ya shamba lake palikuwa pamejaa nyumba za kupangisha, na jirani mpya upande wa kaka yake alidai ile bikoni ya silanga ilihamishwa. Alikuja mpima mwingine, msichana mwenye kifaa kinachozungumza na setilaiti. Wala hakuhitaji kufumba jicho.

"Mama, nani alipima hii?" akauliza.

"Mimi."

"Haijasonga. Iko tu mahali inafaa kuwa."

Mzee Lemayian akacheka kwa sauti, akaigonga ile bikoni kwa fimbo yake. Kisha akanikazia macho usoni. "Mama, hiyo ni dawa ama unalia?"

"Ni dawa, Mzee," nikamwambia.

Chupa ilikuwa mkononi mwangu, na kifuniko chake sikuwa nimekifungua.