Nilivyosimama Kupigiwa Makofi Baghdadiyah

Aibu hii nimeificha muda mrefu, lakini kwa kuwa watu wa Jeddah wameanza kuisimulia vibaya kuliko ilivyokuwa, afadhali niiseme mwenyewe, tena kwa mpangilio.

Zamani nilikuwa karani wa michoro ya ujenzi kule Riyadh, na mkubwa wetu alikuwa injinia Mfilipino, mtu mpole aliyekula wali wake juu ya tofali kama sisi. Mkataba ulipoisha akarudi kwao, akagombea, akawa mbunge (wengine tulirudi tu likizo). Basi nikasikia anakuja Jeddah kuzungumza na wafanyakazi wa kigeni kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Baghdadiyah, nami nikamwambia Rehema, dada wa Kilifi anayefanya kazi za nyumbani, maneno matano tu: "Yule mbunge ni mtu wangu."

Rehema hakuwa na mzaha. Mama yake alikuwa mahututi, mkataba wake umekwisha, na kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, hataki kumwachia aondoke.

"Kaka Juma, una hakika anakujua?"

"Kunijua? Michoro yake yote ilipita mkononi mwangu!"

Ijumaa tukaenda. Mimi, mtu mzito, nikampeleka moja kwa moja safu ya mbele kwenye viti vya wenye tai, na mpokezi aliponiuliza nikamjibu kwa upole wa wakubwa kwamba sisi ni wageni wa mheshimiwa.

Mheshimiwa akapanda jukwaani, akazungumzia mikataba, kisha akasema: "Kule Riyadh nilikuwa na karani Mkenya, sitamsahau maishani."

Mnadhani nilisubiri sentensi ya pili? Nilisimama, nikafunga kifungo cha koti, nikapunga mkono kulia na kushoto, ukumbi mzima ukapiga makofi. Rehema akanivuta koti: "Kaa, hajamaliza!"

Kweli hakuwa amemaliza. "Karani huyo aliwapa mafundi mchoro wa zamani tuliokwisha kuufuta, nao wakamwaga zege la ngazi. Ngazi nzuri, imara, inayopanda mpaka ukutani. Hakuna mlango! Tuliivunja wiki nzima. Tangu hapo sitii sahihi karatasi nisiyoisoma, hata bungeni." Akavaa miwani, akanitazama (bado nimesimama, mkono ungali hewani). "Ah! Kumbe ni wewe? Karibu sana!"

Makofi ya mara ya pili yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza.

Ulipofika wakati wa maswali nikatoa barua ya kumwomba mbunge msaada niliyomwandikia Rehema. Rehema akaninyooshea mkono. "Ilete hapa, kaka."

"Nitampa mwenyewe, si ananijua..."

"Anakujua, ndiyo. Ndiyo maana naiomba."

Akaenda peke yake. Mbunge aliisoma mara mbili, akamwambia wazi kwamba yeye si mbunge wa Kenya na hana uwezo juu ya kafili wake, ila akampeleka kwa mama mmoja Mkenya aliyekuwemo ukumbini, anayefikisha kesi za wafanyakazi ubalozini kwetu. Mama huyo anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Ningeweza kumpeleka Rehema kwa miguu, bila koti.

Wiki tano baadaye Rehema alisafiri, akamkuta mama yake hai. Mimi nimeapa kwamba yeyote atakayenitaja jukwaani nitamsikiliza nimeketi, mpaka nukta ya mwisho. Na mtu akiniuliza kama namjua mkubwa fulani, namjibu ukweli: namjua, tatizo ni kwamba naye ananijua.