Saa ya Maji Kutulia

Kilichoninyima usingizi ni hiki: Jumamosi saa nne asubuhi maji yatakuwa yametulia kweli, au nitakuwa nimewatuma watu nisiowajua waingie kwenye mkondo?

Naishi Mashimoni, Kibera. Bahari sijawahi kuiona. Baada ya kuhitimu nilitafuta kazi mpaka nikachoka, kisha nikapata hii ya mtandaoni, kuwapangia ratiba wazamiaji wa kisiwa kimoja cha mbali. Wageni huvaa mitungi ya hewa na kushuka kutazama matumbawe maji yakitulia, kati ya kujaa na kupwa. Yakianza kukimbia, hubeba mtu.

Shuleni tulifundishwa kwamba maji hujaa mara mbili kwa siku. Pale kisiwani, siku nyingine hujaa mara moja tu. Siku nyingine mara mbili, ya kwanza kubwa, ya pili kama imelazimishwa. Jedwali la kujaa na kupwa nililolipata ni la bandari ya bara, na kule kisiwani mkondo huendelea kukimbia hata maji yakishajaa, leo kidogo, kesho sana. Ratiba ya mwenzangu aliyenitangulia ilimpeleka mgeni mmoja hadi nje ya miamba, ikabidi mashua imfuate. Na bado mwenye kazi alitaka kila siku iwe na muda wake wa kuzamia asubuhi, ili wageni wawahi chakula cha mchana.

Dada yangu, anayeuza dagaa wa omena Kisumu Ndogo, hapa hapa Kibera, alinikuta nimeikodolea simu macho.

"Jaza tu hizo saa, bro. Wewe hata Nairobi Dam unaiogopa, bahari utaijulia wapi?"

Nikamwambia ndiyo maana siwezi kumaliza kujaza.

"Usipojaza, kuna mwingine atajaza."

Hapo ndipo aliponimaliza. Nilijua ni kweli. Kukataa kwangu hakungemwokoa mtu, kungenirudisha tu kitandani, bila kazi.

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kwenye kioski cha maji. Ratiba ya mgao imebandikwa mlangoni, na hakuna anayeisoma. Watu hupanga jerikeni foleni zisimame badala yao, wakaenda vibaruani, na mmoja huachwa kusikiliza bomba. Likianza kukoroma, anaita wapangaji wa ploti nzima. Nilikaa kando ya jerikeni za majirani. Bomba bado lilikuwa kimya. Nikawaza kwamba hata sisi, wenye bomba mbele ya macho, hatuthubutu kuamini saa iliyoandikwa.

Nikatoa simu, nikafuta saa zote nilizokuwa nimejaza. Badala yake nikamwandikia mwenye kazi kwamba wazamiaji wasishuke kwa saa yoyote kutoka kwangu. Waweke mtu ufukweni ayaangalie maji kila siku, na yasipotulia wageni wabaki juu. Nikausoma ujumbe tena na tena, nikitafuta namna ya kuulainisha ili nisifutwe kazi. Sikuiona.

Nikautuma, nikarudi kusikiliza bomba.