Siku Baba Alipoinyamazisha Dunia

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka mpaka nisahau jina langu, hiyo sitaisahau. Nakuhadithia leo kwa sababu nimesikia umemfungia kaka yako simu, ati akipiga asikupate. Kaa chini. Chai ipo, na mimi sina haraka.

Nilikuwa msichana, naishi Finlandi, nchi ya theluji, nikijifunza unesi. Hapa kwetu Kongo, mtaani Makomeno, nilikuwa nimemwacha baba yangu. Mama alikuwa amefariki mwaka uleule nilioondoka, na mimi ndiye mtoto wao wa pekee. Baba hakutaka niende. Aliniambia, "Ukipanda ile ndege, usinitafute tena." Nikapanda. Tangu hapo, kila nikipiga simu kwa jirani yetu, Mama Ngalula, nasikia kwa nyuma baba akisema, "Mumwambie niko nalala." Saa sita ya mchana, mwanangu! Usingizi gani huo?

Baba alikuwa mtu wa foni. Miaka mingi alikaa parokiani Lukafu akishika hiyo foni, redio ya kupeleka habari vijijini: nani amejifungua, nani amefiwa, lori litafika lini. Alipostaafu akatafuta kibali cha kuongea na wapenzi wa redio wa nchi zote, kwa raha yake tu. Mama Ngalula alinichekea kwenye simu: "Baba yako amejaza nyaya juu ya nyumba. Kila siku iko nasalimiana na bantu ba Brezili. Weye mutoto wake, hapana!"

Nilicheka, kisha nikalia. Halafu nikajiambia: basi nitamfuata hukohuko.

Chini ya chumba nilichopanga aliishi mzee mmoja, Eino, naye redio ilikuwa ugonjwa wake. Akanifundisha, nikafanya mtihani, nikapata kibali changu. Tukaanza kutembea na redio ndogo mgongoni, visiwani na milimani, tukirusha waya juu ya misonobari. Ee Mungu wangu, niliyoyaona! Chombo chenye nguvu ya balbu ya chumbani. Unataja jina lako, sauti inapanda juu kabisa kule ambako jua limeichoma hewa, inagonga huko na kurudi duniani, na mtu wa Japani anakujibu, habari yako. Mara ya kwanza nilivua kofia kwenye baridi ile bila kujua kwa nini. Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Lakini baba sikumpata. Niliita na kuita, wapi!

Alasiri moja, juu ya kilima, nikamsikia. Baba yangu! Sauti yake yenyewe, na kikohozi chake. Ila Kongo ni nadra redioni, na wapenzi wa redio wanaitafuta kama wachimbaji wa Kambove wanavyotafuta shaba. Kila mtu alikuwa akimwita kwa wakati mmoja, Waitalia, Wahindi, wenye mitambo mikubwa. Sauti yangu ilizama humo. Betri ilikuwa inakwisha. Na moyoni nilikuwa na hofu nyingine: akijua ni mimi, je, hatazima?

"Ita tena," Eino akasema.

Nikaita tena. Hapo baba akasema kwa Kifaransa, kwa ile sauti yake ya kazini, "Nyamazeni wote, tafadhali. Iko sauti moja ndogo, chini kabisa. Naitaka hiyo." Kwa watu wa foni aliye dhaifu ndiye husikilizwa kwanza, maana huenda ndiye mwenye mgonjwa.

Mawe, jamani! Dunia ikanyamaza. Watu nisiowajua, kwenye nchi nisizozijua, walifunga midomo ili mimi nisikike. Ilibaki ile sauti ya hewa tupu, kama mvua ya mbali. Taratibu zote za redio zikanitoka kichwani.

"Baba, ni miye. Odile."

Hewa tupu tu. Nikajua amezima.

"Nakupata," akasema. "Nakupata cinq sur cinq. Rudia jina."

"Odile."

"Rudia."

"Odile, Baba."

"Rudia tena."

Eino hakujua Kiswahili, akabaki kunishangaa nikilia na kutaja neno moja. Mwanangu, cinq sur cinq maana yake nakusikia wazi kabisa, hakuna kilichopotea. Baba alikuwa amenisikia tangu mara ya kwanza. Na dunia nzima ilimngojea mpaka alipotosheka.

Sasa nisikilize. Mtu aliyenuna anatamani kuitwa, aibu tu ndiyo inamziba mdomo. Ukiita asipoitika, usichoke, ita tena. Na wewe unayeitwa, mfungulie kaka yako. Sauti yake itakuja ndogo, kwa sababu anakuogopa. Nyamazisha kwanza kelele zako zote, pamoja na hizo hoja zako nzuri. Akishataja jina lake, usimuulize alikosa nini. Mwambie, nakupata.

Mungu akutunze kila utakapofika. Akupe masikio ya kumsikia aliye chini kabisa. Na siku utakapoita ukiwa mbali, mwanangu, usikose wa kukuitika.