Wachuka Anajifunza Kumaliza Kichwa

Saa tatu asubuhi, Wachuka Gatimu ametumbukiza uso wake wote ndani ya beseni la maji ya barafu, na haonyeshi haraka yoyote ya kuutoa.

Nyuma yake, katika saluni yake ndogo mjini Nanyuki, mteja aitwaye Monicah ameketi na matuta yaliyosukwa yakanyooka upande wa kushoto na nywele zilizotimka upande wa kulia. Hathubutu hata kukohoa.

“Mwaka juzi aliniacha hivi hivi,” ananong’ona. “Nikaenda harusi ya dada yangu huko Timau na kilemba. Picha zote niko na kilemba. Shemeji yangu mpaka leo anajua mimi ni Mkorino, wale wa dini ya vilemba.”

Wachuka anaibuka, maji yakimchuruzika shingoni. Anavuta pumzi, anaitoa polepole kama anayepoza chai.

“Ni uoga,” anatangaza. “Sio hasira. Ni uoga.” Kisha anachukua kitana na kurudi kwenye upande wa kulia. Monicah anamshukuru Mungu kwa Kikuyu.

Kilichomtia uoga ni maneno machache aliyoambiwa asubuhi hii na Gathoni, rafiki yake na mshirika wake wa kazi kwa miaka tisa. Gathoni anaondoka alasiri kwenda Kiriaini kumsaidia mama yake kuchuma kahawa. Atakaa wiki mbili.

Kwa mtu mwingine hiyo ni safari. Kwa Wachuka, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, hiyo ni talaka.

Ushahidi uko nje. Ubao wa saluni umeandikwa “Wachuka na Gathoni”, lakini jina la pili limefutwa na kuandikwa upya mara nyingi hata rangi imevimba. Gicheru, mchoraji wa mabango, anasema wazi kwamba ubao huo umemsaidia kusomesha watoto.

“Nilikuwa nikiona mtu anataka kuniacha, namfukuza kwanza,” Wachuka anaeleza. “Mteja akiangalia saa, najua amenichoka. Namwambia simama, enda. Kichwa ikiwa nusu, inaenda nusu.”

Mjini walimwita Mama Nusu. Ndoa yake nayo iliishia njiani, na hilo halimchekeshi. “Nilikuwa nimechoka na mimi mwenyewe,” anasema, akitazama sakafu. “Hiyo uchovu siombei adui.”

Aliyempeleka hospitali Nyeri ni Gathoni, siku chache tu baada ya yeye mwenyewe kufukuzwa na Wachuka kwa kosa la kuchelewa kurudi na mafuta ya nywele. Huko daktari alimweleza Wachuka kwamba ana tatizo la nafsi ya mpakani: hisia humpanda ghafla, hukawia kushuka, na hofu ya kuachwa humtawala.

Wachuka alimpigia simu mama yake, Warigia, akamwambia ana ugonjwa wa mpaka.

“Mama akauliza, ‘Mpaka? Ati ni jirani Kingori amesongesha ua tena?’ Nikamwambia hapana, ni mpaka ya roho. Hakusikia. Alikuwa ameshachukua kamba akaenda kupima shamba.”

Anacheka mpaka kitana kinamponyoka. “Na ua ilikuwa imesongeshwa kweli!”

Tangu hapo, kila Alhamisi anafunga saluni, ingawa siku hiyo haimwingizii hata senti, na kupanda gari hadi Nyeri. Huko mshauri aitwaye Ngatia huwafundisha yeye na wenzake namna ya kuishi na moyo unaochemka upesi. Somo la kwanza lilikuwa kuitaja hisia kwa jina lake.

“Mimi nilikuwa najua mbili tu, hasira na njaa,” anasema. “Ngatia akaniambia chimba chini ya hasira. Nikachimba. Nikapata uoga imekaa hapo kama mwenye nyumba.”

Somo la kufanya kinyume cha hasira lilileta balaa lake. Alifundishwa kwamba akitaka kupiga kelele, ashushe sauti. Wateja waliozoea kelele wakaingiwa na hofu mpya. “Akianza kunong’ona,” anasema Monicah, “sisi tunatafuta mlango.”

Maji baridi, somo jingine la Ngatia, ndiyo yaliyompatia sifa asizoomba. Barafu anapewa na Awil, muuza maziwa ya ngamia aliye mlango wa pili. Kwa wiki nyingi Awil alimwona jirani yake akilowesha uso, akitulia, akifumba macho huku midomo ikicheza. Siku moja akaingia na mkeka mpya wa kuswalia kwapani.

“Mashallah, Mama Saluni,” akamwambia. “Lakini na miguu pia inaoshwa.”

Walipomaliza kuelewana, Awil alikataa kurudishiwa mkeka. Wachuka huketi juu yake anapohesabu pumzi zake. Siku hizi sauti ikipanda saluni, Awil haulizi kitu. Analeta barafu.

Saa nane mchana Monicah anaondoka na kichwa kizima, akijishika kila upande ahakikishe. Gathoni anaketi kwenye kiti kilekile, begi lake miguuni, asukwe kabla ya safari. Vidole vya Wachuka vinakwenda mbio. Akifika kisogoni, anaweka kitana chini na kukunja taulo.

Gathoni anapapasa nyuma ya kichwa. “Wachuka, hapa umebakisha moja.”

“Najua.”

“Mbona?”

“Hiyo ni ya kukurudisha.”

Gathoni anageuka na kumtazama. Huyu ndiye aliyefutwa ubaoni na kurudi kila mara. “Maliza, bwana,” anasema taratibu. “Mimi sio mbuzi, ati nirudi kwa kamba.”

Wachuka anakwenda kwenye beseni. Barafu imeyeyuka, lakini anatumbukiza uso hivyo hivyo. Anarudi akidondosha maji juu ya begi la mwenzake na kusuka tuta la mwisho, polepole kuliko mengine yote.

Gari la Kiriaini linapoondoka, anasimama chini ya ubao akiutazama. Gicheru amepita mara mbili na kopo la rangi, akimsalimia kwa uchangamfu usio wa kawaida. Wachuka amemwambia aende zake. Mpango wake ni kumtafuta fundi mbao.

“Nataka jina yake ichongwe,” anasema. “Rangi inafutika haraka sana kwa mtu kama mimi.”

Na Gathoni asiporudi?

Wachuka anavuta pumzi, anaitoa.

“Amesema wiki mbili,” anajibu. “Hayo ndiyo maneno yake. Hayo mengine ni ya uoga wangu.”

Kisha anageukia mlango wa pili na kuita kwa sauti ya chini kabisa: “Awil, barafu.”