Sindano Nilizozitafuta kwa Sumaku

Nacheka sasa kwa sababu hata nikinuna, hapa kwetu Kianjokoma watu wote wanajua, basi bora muisikie kwangu mwenyewe.

Mke wangu, Mama Muthoni, ana saratani ya titi. Daktari wake mjini Embu alimwingiza katika majaribio ya plasta yenye visindano vidogo sana (ukivigusa ni kama ulimi wa paka) vilivyobeba dawa ya kuamsha kinga ya mwili ipigane na ugonjwa. Nesi alipokuwa akieleza, mimi nilikuwa nje nabishana siasa na askari wa lango. Kosa langu lilianzia hapo.

Tulipofika nyumbani, mke wangu akabandua plasta aliyobandikwa chini ya kwapa, kama alivyoagizwa. Nikaipapasa. Laini! Sasa mimi ni mtu wa ng'ombe, niliwahi kuona sindano ikivunjikia shingoni mwa ndama, jipu lake sitalisahau, kwa hiyo nikaamini hizi nazo zimevunjikia ndani ya mke wangu, nikang'oa sumaku kwenye spika ya redio yetu mbovu, nikamkimbilia sebuleni, nisijali kwamba kina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kunywa chai (na ugonjwa wenyewe alikuwa amewaficha).

"Baba Muthoni, ni nini tena?"

"Inua mkono!"

Sumaku ikanasa, tap! Nikapiga kelele, "Nimezipata! Sindano za saratani hizi hapa!"

"Huo ni waya wa sidiria, mzee! Sindano zimeyeyuka. Zimetengenezwa ziyeyuke, dawa ibaki mwilini."

Mwenyekiti wa kina mama akaweka kikombe chini. "Saratani gani?"

Badala ya kunyamaza, nikaficha aibu kwa ukali: kuanzia leo harudi huko, mke wangu si wa kufanyiwa majaribio.

Akasimama, sumaku bado imemng'ang'ania ubavuni.

"Ni ya titi, na nitarudi. Dawa inaweza kunisaidia, inaweza kukataa, lakini mwili ni wangu. Kina mama, anayetaka kulia alie leo amalize. Na wewe ukitaka kunizuia, lala hapo mlangoni nikuruke."

Sikulala mlangoni. Alirudi, na mimi ndiye niliyembebea mkoba.

Kwa hivyo naapa, sitamwamulia tena mtu mwenye mdomo wake. Na nyinyi mnaoninong'oneza pole sokoni, semeni kwa sauti. Kwetu saratani tunaitaja kwa jina, na Mama Muthoni bado anaenda Embu.